Boriti Mbili za Shimoni

Mafundi wangu wamefungua tanuri leo, na harufu ya chokaa mpya imejaa kwenye nyumba yangu ya ghorofa, ya kwanza mtaani petu. Niliondoka Mafia sina viatu, nikarudi na diploma ya ujenzi. Hata hivyo chokaa niliijua kabla ya kitabu chochote.

Baba alichimba mawe ya chokaa chini ya ardhi, na dari la shimo lao lilishikiliwa na boriti za mkoko. Siku moja kuni za tanuri zilipungua, nyapara akaamuru boriti mbili zing'olewe zikachomwe.

"Bwana, dari litatuangukia," baba alimwambia.

"Kumbe unaogopa mawe kuliko mkeo?"

Wenzake walicheka. Kabla ya adhuhuri walimleta nyumbani amelazwa juu ya ubao wa mlango, mguu umesagika.

Alasiri nyapara alikuja kumjulia hali. "Mshukuru Mungu, mmoja umebaki," alisema, kisha akavua makubadhi, akatawadha uani kwetu aende msikitini. Tulikuwa na kikapu cha chokaa isiyozimwa, ile inayochemka ikiguswa na maji. Nilichota, nikaimwaga ndani ya makubadhi. Aliyavaa na miguu inachuruzika. Hakufika mlangoni.

"Nani huyo anapiga kelele?" baba aliuliza kutoka kitandani.

"Nyapara, baba. Miguu inamuungua."

Aliitazama mikono yangu myeupe.

"Basi mpelekee maji, mwanangu."

Nilimpelekea kata moja tu, nikaimimina polepole.