Mimi Si Mkungu wa Ndizi

Mimi si mtu wa kubebwa. Polio iliupooza mguu wangu wa kushoto nikiwa mdogo, na njia za Wusi, kwetu, nimezipanda na kuzishuka kwa magongo mpaka viganja vikaota sugu. Kwa hivyo siku mwenyekiti wa soko aliponiambia nitakuwa nikibebwa kila asubuhi, damu ilinichemka.

Ilikuwa hivi. Sisi wauza ndizi na mboga hapa Voi tulihamishiwa jengo jipya la ghorofa. Meza ziligawanywa kwa kura: vikaratasi ndani ya beseni, kila mtu atie mkono. Changu kikasema juu. Na kwenda juu kulikuwa na ngazi tu, nyembamba, zenye vigae vya kuteleza. Tena tukaambiwa, asiyeikalia meza yake kufikia mwisho wa mwezi, itapewa mwingine. Watoto wangu walikula kutoka kwa meza hiyo.

"Mama, kura ni kura," mwenyekiti alisema kwa upole. "Lakini sisi ni watu wako. Vijana wa mkokoteni watakupandisha asubuhi, jioni wakushushe."

Jirani yangu muuza nyanya, mwenye roho safi kabisa, akadakia, "Dada, hata mimi nitakubeba mgongoni!"

Wakacheka wote. Walinitakia mema, hilo silikatai. Lakini ebo! Mimi ni mkungu wa ndizi zinazoletwa kutoka Mahoo, wa kupakiwa na kupakuliwa?

Nikaenda kwa wakili, binti wa Wundanyi aliyekuwa akisaidia watu wenye ulemavu bila malipo. Akanieleza kwamba kuna mkataba wa mataifa juu ya haki za watu kama mimi, kwamba Kenya imeuridhia, na kwamba Katiba yetu inasema mkataba tuliouridhia ni sehemu ya sheria ya hapa nyumbani.

"Hapa nyumbani, hadi Voi?" nikamuuliza.

"Hadi kwenye hizo ngazi, mama."

Nilicheka peke yangu njia nzima.

Tukafungua kesi. Mahakamani, wakili wa soko, bwana mwenye sauti ya mhubiri, akasema mkataba huo ulitungwa ng'ambo na watu wasiojua soko letu. Hapa kura ilipigwa kwa haki, wote tulitia mkono kwenye beseni moja, na mimi nimepewa watu wa kunibeba. Nataka nini tena? Jaji akasema anataka kunisikia mwenyewe.

"Mheshimiwa," nikasema, "choo kiko chini. Nikibanwa, niwaite vijana wanibebe? Na nikiwa kwenye siku zangu, bado niwaite?"

Mwenyekiti akainamisha kichwa. Nadhani hakuwahi kuliwazia jambo hilo. Sikuona haya hata kidogo. Aone haya aliyejenga ngazi.

Siku ya uamuzi, jaji alisema mkataba ule si mgeni hapa, kwa maana Katiba yenyewe imeufungulia mlango. Akasema kura ya beseni moja si usawa ikiwa kuna mmoja hawezi kufika kule anakopelekwa. Rampu ijengwe, njia ya mteremko isiyo na ngazi, na mpaka ikamilike niuzie chini, meza yangu isiguswe. Nililia pale pale, mbele ya watu, haki ya Mungu. Maneno yaliyoandikwa mbali vile, na yalikuwa yananihusu mimi!

Rampu ilipokwisha, nilivaa nguo ya kanisani nikaenda kazini. Vijana walitangulia na ndizi zangu juu ya mkokoteni. Soko zima lilisimama kutazama, na muuza nyanya akanifuata ubavuni. Kwenye kona ya rampu, pumzi ikaniishia. Nikasimama, nimeegemea magongo, jasho linanitoka. Mara nikaona mikono yake miwili inanijia kiunoni.

"Wee! Thubutu!"

Akairudisha haraka, akaificha nyuma ya mgongo. Sikugeuka, lakini nilimsikia akivuta kamasi. Akangoja nipumue. Nilipoinua gongo tena, naye akainua mguu, tukaenda hivyo, hatua yangu na hatua yake, mpaka mezani.