Niliwaambia Kaka Analewa

Kila nikiwaonyesha wanafunzi wangu mapigo ya seli za ubongo kwenye kompyuta, aibu inanishika. Namkumbuka kaka yangu.

Alikuwa mkata miwa Ruhembe, mtu wa swala tano. Siku nyingi alikuwa mzima kabisa. Ila akichoka sana au akikasirika, alianza kuyumba na ulimi ukawa mzito, kisha baada ya saa chache akatulia. Mimi nilikuwa nasoma sekondari Kilosa na kujiona najua kila kitu. Niliamini anakunywa kwa siri.

Alipopeleka barua ya posa, upande wa binti ulianza kuulizia tabia zake, kama ilivyo kawaida kwetu. Shangazi wa binti alinikuta sokoni, nikamwamkia shikamoo, akaniuliza taratibu. Nikajibu kwa ujuaji wangu kwamba kaka analewa. Barua ikarudishwa bila maelezo. Kaka hakuposa tena.

Miaka baadaye, chuoni, nilijifunza habari za seli kubwa za sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayopanga mwendo. Hupiga zenyewe bila kuamrishwa, kwa mpangilio, kama mtu anayetwanga huku akiongea. Kwenye utando wake kuna vijilango: sodiamu ikiingia pigo linaanza, potasiamu ikitoka linakatika. Kalsiamu inayoingia hufungua baadhi ya milango ya potasiamu, seli ipumzike kabla ya pigo jingine. Wapo wanaozaliwa na kasoro kwenye mlango wa kalsiamu. Mapigo yao hupoteza mpangilio, na wakichoka wanayumba. Watu hudhani wamelewa, mwalimu alisema, na darasa likacheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Nilimpeleka kaka kwa daktari bingwa, akathibitisha, akampa vidonge. Kuyumba kukapungua. Jioni moja, nikimchorea vile vijilango kwenye karatasi, nilimwambia hata wale waliokuja kuuliza kama analewa walimwonea bure.

Akainua macho. "Walimuuliza nani?"

Nikamwambia ni mimi, na jibu nililotoa. Niliona haya hata kumtazama. Akauliza kama ugonjwa huo hurithiwa. Nikasema mtoto anaweza kuuchukua.

"Basi labda ulinisaidia, mdogo wangu," akasema kwa upole kabisa, akaikunja karatasi yangu na kuitia mfukoni. Heri angenitukana.