Mzee Wafula na Barua Yangu ya Uzamili

Bado naikumbuka asubuhi ile, mwanangu. Tangu juzi uliponionyesha barua ya chuo kwenye simu yako na kuniuliza kama uende kusomea uzamili wa sanaa au uache, imekuwa ikinirudia. Kaa basi, nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi na mama yangu mtaani Jericho. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya uchoraji, na picha yangu ya mahafali nimeitundika pale ambapo kila mgeni angeiona. Nikapata barua kama yako: nafasi ya uzamili ipo, nijibu kabla ya Ijumaa. Nikatangaza mtaa mzima. Wenzangu wakawa wananisalimia, "Sasa, profesa!" nami, Mungu anisamehe, nikawa naitikia.

Mama akaniambia nikamuage Mzee Wafula. Huyu alikuwa mchongaji aliyetoka Bungoma zamani. Alichukua mifupa kwa wauza nyama wa Soko la Burma, akatengeneza vifungo na hereni. Ndiye aliyenifundisha kushika kisu cha kuchongea nikiwa darasa la tano. Lakini tangu niingie chuo, nilikuwa nimeanza kumwona fundi wa vifungo tu.

Nilimkuta chumbani kwake mtaani Maringo, pazia limefungwa. Akaisoma barua polepole, midomo ikicheza, kisha akaikunja vizuri.

"Wambui, huko unaenda kutafuta nini?"

"Kusoma, Mzee."

"Hilo nimeelewa. Nauliza, unataka kujua nini?"

Nikaanza kumtajia majina ya masomo. Akanisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akainuka, akalivuta pazia kando.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Dirisha zima lilikuwa limejaa mifupa ya mabega ya ng'ombe, ile mipana. Alikuwa ameichonga sura na kuisugua hadi ikawa myembamba kama karatasi, akaifunga kwa waya, safu juu ya safu. Jua lilipopenya, kila mfupa ukatoa sura ya mtu. Mama Njoki aliyetuuzia mboga. Mchungaji wetu aliyefariki. Na baba yangu, ambaye tulimzika nikiwa na miaka tisa, akicheka na lile pengo lake la jino. Nilijikuta nimepiga magoti. Chuoni nilikuwa nimeonyeshwa kazi nyingi kubwa za dunia, na hakuna hata moja iliyowahi kuninyamazisha hivyo.

"Mzee, hii umeifanya lini?"

"Miaka kumi na saba sasa. Lakini sogea uone aibu yangu."

Nikasogea. Sura za chini, zile za zamani, zilikuwa na madoa ya manjano. Mafuta yalikuwa yakitoka ndani ya mfupa na kuziharibu. Nyingine zilikuwa zimepasuka. Ya baba ilikuwa imeanza kuharibika shavuni.

"Nachemsha mifupa kutwa kwa moto mkali," akasema. "Nimejaribu majivu, nimejaribu chumvi, nimejaribu jua. Mafuta yanarudi. Kuna mtu mahali fulani anajua sababu, ila mimi sijui nimuulize nani. Ningepata barua kama hii ningeenda leo, na uzee wangu huu. Wewe umeipata, na huna unachotaka kuuliza."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana yaliniuma.

Ijumaa ikapita, sikujibu. Watu walinicheka, mama akalia. Nikashinda kwa Mzee Wafula mwaka na zaidi, nikisugua mifupa hadi vidole vikaota sugu, mpaka swali lake likawa langu: kazi ya mikono yetu inaharibika kwa nini, na tufanye nini idumu? Hapo ndipo nikaomba nafasi upya, nikaipata, na safari hii nilijua hata nitagonga mlango wa ofisi ya nani. Alikuwa mwalimu wa utunzaji wa vitu vya kale, mama mpole. Alinisikiliza akatabasamu. Kumbe ule moto mkali ndio uliokuwa ukiyafungia mafuta ndani! Mifupa ilitaka maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, wiki baada ya wiki.

Nilikwenda Maringo karibu nikikimbia. Mzee Wafula aliposikia, alicheka hadi akakaa chini. "Sabuni! Wambui, sabuni ya vyombo!" Kisha akalia kidogo, akajifuta kwa kofia. Tukailoweka sura ya baba pamoja, na baada ya wiki sita shavu likawa safi. Kwa nyingine tulikuwa tumechelewa.

Kwa hiyo, mwanangu, siwezi kukuamulia. Keti na kazi zako, simu umeizima, ujiulize ni jambo gani linakusumbua ambalo mikono yako peke yake imeshindwa kulitatua. Ukilipata, nenda, na usijali umri wala maneno ya mtaa. Usipolipata, usione haya kukataa mwaka huu. Endelea kufanya kazi, litakuja. Ila usiende ili uwe mkubwa kuliko waliokufundisha kwanza, na usibaki kwa sababu ya woga ukasema chuo hakina maana. Kina maana, kwa anayekwenda na lake la kuuliza.

Mungu ayalinde macho yako na mikono yako. Akukutanishe na wanaojua usiyoyajua, wakupokee kama mtoto wao. Ukienda, uende salama. Ukibaki, ubaki na amani. Na hata ukiwa mzee kama mimi, asikunyime siku ya kupigwa na butwaa mbele ya kazi ya mwanadamu mwenzako.