Taa ya Kituo cha Majani Chai

Natangaza rasmi: Chama cha Watazama Anga wa kijiji chetu, wanachama watatu na darubini moja, kimefukuzwa kwenye kituo cha kununua majani chai.

Kosa letu?

Tulimwomba karani azime taa ya nje, tuone roketi ikipita. Akazima. Tena akatoka kutazama na sisi.

Sasa lori la kiwanda hutafuta hiyo taa. Dereva alipoona giza, akadhani majani yameshabebwa, akapita.

Mama Chebet, mkulima, alikuwa amekalia gunia lake la majani. "Nyinyi watu wa roketi, haya yakioza hapa, mtayanywa."

Bado nimekasirika. Hilo lori huchelewa kila siku na hakuna anayefukuzwa. Leo limewahi, kosa ni letu?

Mnaonaje?

Nimeangalia simu tena. Roketi ni kesho.