Tamar na Kanuni ya Alama

Watu wa Mutwanga hawakushangaa kuona Tamar anapenda hesabu. Baba yake, Ézéchiel, alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya kanisa na shemasi, na hakumruhusu mwanafunzi yeyote kuandika jibu asiloweza kulieleza. Hata Tamar, binti yake mwenyewe, hakupewa huruma zaidi ya wengine. Ézéchiel alipougua kifua mwaka ule vita vilipoanza, kituo cha afya kilikuwa kimeporwa hadi vitanda, akafa huku akili yake ikiwa timamu. Mjane wake, Jokébed, alimchukua Tamar wakakimbilia Butembo. Vyombo waliviacha. Tabia ya baba ya kuuliza kwa nini haikuachwa.

Tamar alipofika mwaka wa pili wa sekondari, wakaanza kusoma namba zilizo chini ya sifuri. Wenzake walizicheka, nani amewahi kuona mihogo iliyo pungufu ya hakuna? Tamar hakucheka. Yeye alijua kwamba mtu anaweza kufika kwenye sifuri akadhani amemaliza kushuka, kumbe njia inaendelea. Kwao walichukuliwa mbuzi, halafu nyumba, halafu baba; na walipofika Butembo mikono mitupu, mama akashikwa na malaria. Kujumlisha hasara na hasara ukapata hasara kubwa zaidi, kwa jambo hilo hakuhitaji mwalimu.

Kilichomshinda ni kuzidisha. Ubaoni, kwenye ule ubao uliopakwa makaa ya betri zilizokwisha, mwalimu aliandika kwamba moins mara moins ni plus, yaani hasi mara hasi ni chanya. Tamar alikitazama kile kistari kilichogeuka msalaba, akaona kama mtu anamdanganya mchana kweupe. Hasara mara hasara inawezaje kuwa faida? Kama ndivyo, wao wangekuwa matajiri.

Alimuuliza mama yake alipokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Jokébed alikuwa na diploma ya ualimu, na Kifaransa chake kiliwafanya maofisa wanyooshe migongo wanapozungumza naye. Alimwambia bintiye ashike kanuni jinsi ilivyo, kwani kuna mambo ya kushika kwanza, akili ikafuata nyuma. Tamar aliitikia kwa mdomo tu.

Mwalimu wa hesabu aliitwa Mukendi, mtu wa Kasai. Serikali ilimtuma Butembo kabla ya vita, kisha mstari wa mapigano ukakatiza nchi katikati, mke na watoto wakabaki upande wa pili. Mshahara haukuja tena. Wazazi walimlisha kwa zamu, mmoja maharagwe, mwingine viazi kutoka Masereka, na yeye kila asubuhi alivuka ukungu wa Butembo amevaa koti lile lile, amelifunga vifungo vyote. Alipenda mizaha. Mtoto akikosea, alimwambia kwamba jibu lake ni zuri, ila ni la swali la darasa lingine.

Siku ile aliona nyuso zimekunjamana, akatafuta njia ya kuwasaidia. Aliandika: rafiki ni plus, adui ni moins. Kisha akauliza, mtu akija kumpiga yule anayewapiga ninyi, mtu huyo kwenu ni nani? Darasa likaitikia kwa pamoja kwamba ni rafiki. Mukendi akafurahi, akachora msalaba mkubwa. Huko Kasai alikosomea ualimu, mfano huo ulikuwa umewafaa watoto miaka mingi.

Tamar akainua mkono.

"Maître, kwetu Mutwanga basoda ba kwanza balitupiga. Ba pili bakakuya, bakafukuza bale ba kwanza. Tukaimba, tukabapokea. Kesho yake bakakula mbuzi zetu zote." Alisema polepole, kama anayesoma hesabu. "Njo nauliza: bale ba pili, ni plus ao ni moins?"

Kicheko kikapasuka nyuma, kicheko cha watoto waliojua kila mmoja mbuzi wake. Mukendi hakucheka. Alifuta ubao kwa mkono wa koti na kusema wafungue zoezi la tano. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye dawati la Précieux, mpwa wa komanda. Na komanda huyo alikuwa wa askari hao hao wa pili, ambao sasa ndio walioshika Butembo na Beni yote.

Précieux hakuwa mtoto mbaya. Alilisimulia jambo hilo nyumbani kama mzaha, wakiwa mezani, naye mjomba wake akaacha kula.

Askari walikuja saa ya masomo. Mmoja wao alisema Kilingala, wa pili akatafsiri kwamba mwalimu anatumia ubao kufanya propagande dhidi ya jeshi. Mukendi aliomba amalize mstari aliokuwa akiandika. Hawakumkubalia. Alitoka na chaki mkononi, na mlangoni alimgeukia Tamar, akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayemkataza mtoto kugusa moto. Jioni hiyo hiyo ilijulikana kwamba amepelekwa Beni, kwenye kambi iliyoko mtaa wa Beu, na watu waliopelekwa pale, wachache ndio waliorudi kusimulia.

Tangu hapo Tamar hakula vizuri. Alirudia maneno yake mwenyewe, akitafuta neno ambalo lingeweza kuondolewa ili mwalimu asikamatwe, na hakulipata, kwa sababu yote yalikuwa kweli. Wazazi wengine walinong'ona kwamba mtu wa Kasai si wa kwao, wasijitie katika mambo yake. Mzee mmoja wa kanisa, Vagheni, alikuja kumshauri Jokébed kwa wema kabisa. Alisema askari wakimfuata mtoto, aseme mwalimu ndiye aliyemfundisha maneno yale. Mukendi amekwisha kushikwa, hatashikwa mara ya pili.

Jokébed alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikaa kitako akawaza. Alijua msichana akionekana ameingia kambi ya askari, hata kwa nusu saa, midomo ya Butembo itamvika nguo ambayo hakuna sabuni ya kuitoa. Jina la Ézéchiel lilikuwa kitu pekee ambacho hakikuporwa. Alijua pia kwamba jina hilo lingeoza ndani ya nyumba kama mwenyewe angeketi kimya.

"Tutaenda kule Beni babili," akamwambia Tamar. "Utavaa uniforme. Na utakamata mukono yangu, hapana kuachia."

Walipanda lori la mbao hadi Beni, wakashushwa kwenye kila kizuizi na kuulizwa wanakwenda kwa nani. Jokébed alijibu kila mara kwa Kifaransa, na kila mara wakapita.

Komanda aliwapokea ofisini, katika nyumba iliyokuwa ya mfanyabiashara. Alikuwa na adabu, na adabu hiyo ilimtisha Tamar kuliko bunduki za mlangoni. Aliwapa viti, akamuuliza mtoto kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za shule.

"Nani alikuwekea ile maneno mu kinywa?"

"Hakuna mutu, mon commandant. Mbuzi zilikuwa zetu."

Komanda akamgeukia Jokébed, akamuuliza kama huko kwao ndivyo wanavyolea mtoto. Jokébed alisema kwamba baba wa mtoto alimfundisha asimdanganye mkubwa. Wakati huo Tamar aliona tumaini dogo, kama mtu anayeona ncha ya kamba. Akaeleza yote: kwamba mwalimu alitaka tu wajue kuzidisha, kwamba swali lilikuwa lake yeye, kwamba Maître alifuta ubao na kuwarudisha kwenye zoezi. Kama kuna wa kupigwa, ni yeye.

Komanda aliwasha sigara.

"Ajabu," akasema. "Mwalimu yeye anasema ni yeye alikufundisha. Anasema wewe uko mutoto, ulirudilia tu maneno yake. Donc mumoja wenu anadanganya."

Ndipo Tamar alipoelewa kile kichwa kilichotikiswa mlangoni. Mukendi alikuwa amejitwika neno lake ili wasije kumchukua yeye. Sasa yeye amekuja kulitwaa tena, mbele ya mtu huyu. Mkono wa mama ulikaza. Njia zote mbili zilikuwa mbaya: kumwita mwalimu mwongo, au kumwachia kosa. Tamar aliitazama moja, akaitazama nyingine, na hakuona ya tatu.

"Ni yeye, mon commandant," alisema, machozi yakimshuka bila sauti. "Anadanganya juu ya kunichunga, basinikamate."

"Basi amedanganya ofisa," komanda akasema, akainuka. "Ile nayo iko faute, iko kosa."

Hakuwafunga. Aliwafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Hawakurudi Butembo. Jokébed alipata mkeka kwa binamu wa marehemu mumewe pale Beu, na asubuhi alipika ugali na maharagwe, maana mfungwa hulishwa na jamaa yake, na asiye na jamaa hali kitu. Mlinzi wa lango aliuliza chakula ni cha nani, akaambiwa ni cha Mukendi. Akacheka. Yule Muluba wa Kasai, jamaa yake iko huku tangu lini?

"Mi iko dada yake," Jokébed akasema bila kupepesa. "Andika: jamaa ya mwalimu Ézéchiel, wa Mutwanga."

Tangu siku hiyo mtu wa Kasai akawa wa nyumba yao. Kila asubuhi walisimama kwenye foleni ya wanawake, sufuria imefunikwa kwa jani la mgomba, na kila asubuhi sufuria ilirudi tupu. Tamar alijaribu kusoma utupu wake: je, ni mwalimu aliyekula, au ni mlinzi? Siku nyingine ilirudi imekwanguliwa hadi chini, naye akasema huyo lazima ni Maître, ana njaa. Mama aliichukua sufuria akaenda kuiosha.

Kisha asubuhi moja mlinzi hakunyoosha mkono.

"Mama, usilete tena."

Jokébed aliuliza kama amehamishwa. Mlinzi akasema labda. Aliuliza wapi. Mlinzi aliangalia viatu vyake.

"Dada, miye nalinda mulango tu."

Tamar alikuwa bado ameinyoosha sufuria. Ilimchoma viganja kupitia jani, lakini hakuishusha, kwa sababu kuishusha kulikuwa ni kukubali. Nyuma yao foleni ilisogea, ikawapita ubavuni kwa heshima. Mwishowe Jokébed alimfungua vidole kimoja kimoja, akampa chakula mwanamke aliyekuja mikono mitupu, ambaye mume wake alikuwa bado anaitikia jina lake ndani. Akamwambia sufuria asiirudishe.

Halafu akamshika binti yake mkono, wakaenda kutafuta lori la kurudi Butembo.