Masanduku kwenye Mtandio wa Sabrin

Siku mbili kabla ya sherehe ya hina, Radwa alikamilisha kuudarizi mtandio wa harusi wa binamu yake, Sabrin. Akautandaza kitandani kwa shangazi yake, Nagat, kisha akasimama kando, mikono nyuma.

Kisiwani Shandawil, katika Mto Nile huko Misri, kazi ya tali haina siri. Utepe mwembamba wa rangi ya fedha hupitishwa katika matundu ya kitambaa cha wavu, ukakunjwa, ukabanwa kwa ukucha, ukakatwa; na kila umbo lizaliwalo hapo lina maana yake. Ngamia ni safari ya bi harusi, mtende ni riziki, pembetatu ni kinga ya jicho la hasidi. Kabla mtandio haujavaliwa, wanawake huusoma kwa sauti, pindo hadi pindo.

Nagat, aliyemfundisha Radwa kazi hiyo, aliusoma kwa kidole. Akapita ngamia, akapita mitende, akiitikia kwa kichwa. Kidole kikasimama.

"Na gari hili?"

"La baba, shangazi."

"Na mafurushi haya juu yake?"

"Masanduku. Yale tuliyokuwa tukija nayo kila kiangazi."

"Masanduku kwenye nguo ya bi harusi. Huyu tunamwoza au tunamfukuza?"

Radwa alijaribu kucheka. Alikuwa amekulia Kuwait, alikosomesha baba yake. Huko aliitwa Mmisri; kisiwani akaitwa binti wa Kuwait. Aliporudi kujifunza tali, aliazimia kuutia ufundi huu wa mabibi yale aliyoyaona yeye mwenyewe: gari lililoelemewa, meli ya kuvukia Bahari ya Shamu hadi bandari ya Safaga, minara ya maji ya Kuwait yenye mistari. Hakufikiri kwamba mtandio wa harusi una mwenyewe. Sasa kufumua kungechana wavu, na muda wa kudarizi mwingine haukuwapo. Sabrin akiukataa, ataolewa akiwa amevaa mtandio wa kuazima, na Radwa atakuwa mgeni upya mbele ya kisiwa kizima.

Sabrin aliingia, mikono imejaa unga wa biskuti za harusi.

"Siugusi. Mama, nisomee."

Nagat akamsomea mpaka penye gari. "Hapa elimu yangu imekwisha. Muulize mwenye gari."

"Nimekosea, Sabrin," alisema Radwa. "Nimejidarizi mimi kwenye nguo yako."

Sabrin aliinama, akalitazama gari.

"Kamba ndizo ulizokosea," akasema. "Zilikuwa zinaning'inia nyuma. Na lile feni mlilomletea bibi lilikuwa juu kabisa, miguu hewani."

"Wewe uliyaona wapi?"

"Juu ya paa. Nilikuwa napanda tangu asubuhi. Yakitokea tu kule mferejini, nashuka mbio. Wewe ulikuwa ndani ya gari, dada. Hujawahi kuyaona yakija."

Kwake yeye masanduku yale yalikuwa kufunga, kuaga na kuondoka, kutoka upande huu au ule. Miaka yote hiyo hakupata kuwaza kwamba mzigo ule ulikuwa na mtu wa kuungojea. Na kwa sababu hiyo, barabara aliyoidarizi mbele ya gari ilikwenda ikaishia penye wavu mtupu.

"Nitauvaa," alisema Sabrin. "Ila mimi mwenyewe niko wapi humu?"

"Uvae, lakini upande huo uukunje," mama yake akasema. "Mama mkwe wako ana macho."

"Miwani yake imevunjika tangu Ramadhani."

Mbele ya gari palibaki nafasi ya kutosha nyumba ndogo na mtoto juu ya paa lake. Radwa alitia utepe kwenye sindano, akasita.

"Nywele zako zilikuwaje wakati ule? Sikumbuki."

"Nywele zipi? Mama alikuwa ananinyoa, kisa chawa."

"Basi huyo mtoto mfunge kitambaa," alisema Nagat, akajisogeza akae karibu na sindano.