Mtani Wangu Kanipa Kiti

Nimekosa mimi. Sitaki kuanza kwa kuzunguka, maana nikianza kuzunguka nitafika Masasi na bado sijasema. Nimekosa, nimekosa kwa kiburi, na wakati nakosa nilikuwa nimeshiba mihogo. Jina langu msiniulize. Andikeni tu mzee mmoja wa Nandagala, huku Ruangwa, mlima korosho na ufuta, shule aliishia la tatu. Mwandiko mtauvumilia.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye Krismasi. Ngojeni kwanza niwaambie hii Krismasi ya siku hizi, maana hasira yangu nayo ipo palepale. Hiyo siitubii!

Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa. Krismasi ya utotoni ilikuwa misa, kaptura mpya ambayo mama amekushonea kubwa ili uivae mpaka uote ndevu, na wali. Wali huo tulikuwa hatuuoni ovyo. Mkishakula mnacheza ngoma, mnalala. Basi. Siku hizi? Loo! Msimu wa korosho ukiingia tu, hela haijakaa mfukoni ikamjua mwenyewe, wenye maduka wa Nachingwea wameshatundika mataa. Spika inapiga kelele kutwa, njoo, njoo, Krismasi hiyo! Utadhani Yesu ni mtoto wa mwenye duka.

Nina mkwe, mke wa mwanangu mkubwa, wanakaa Nachingwea mjini. Mtoto mzuri, ananiheshimu, chakula chake kitamu. Lakini Krismasi ikikaribia anapagawa. Mwaka mmoja, wa karibuni tu, alikuja kwangu na mti wa plastiki. Mti! Mimi nakaa katikati ya mikorosho, nikitoka kukojoa nagonga tawi, halafu mtu ananiletea mti kwa gari! Na mti wenyewe unakunjwa kama mwavuli. Akaumwagia pamba juu.

Nikamuuliza, "Mama, pamba ya nini hiyo?"

"Theluji hiyo, baba."

Theluji! Desemba hii ya kwetu, kuku anatembea kaachama mdomo!

Halafu ikaja sare. Ukoo mzima kitenge kimoja, tumepangwa ukutani tupigwe picha kama kwaya iliyosahau wimbo. Mimi nikavishwa na kofia nyekundu ya manyoya. Jasho likanishuka mpaka kwenye meno. "Baba, cheka!" Nicheke nini? Mke wangu, mtu wa kuumwa mgongo, hakukaa chini kutwa nzima. Huyu anataka soda ya baridi, huyu hataki mbuzi, anataka kuku na chipsi. Jioni mwanangu na mkewe wamenuniana kwa ajili ya matumizi, wageni wanatazama simu zao, na ule mti unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika, kama mtu anayekukonyeza.

Nikasema moyoni, mwakani sipo!

Sasa hapo kuna mtu nimemruka, na huyo ndiye mwenyewe. Nitamwita Mtani. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, Wamwera sote, na koo zetu ni za utani toka kwa mababu. Kwa wasiojua, mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Ukifiwa anakuja kukuchekesha. Siku ya mazishi anaingia kaburini analala, hatoki mpaka wafiwa wamtoe kwa kitu. Mtani aliniahidi zamani: "Ukifa wewe nitalala humo shimoni na kukoroma, mpaka wanao wanipe mbuzi. Na wewe utasubiri nje, juani!" Nikamjibu, "Utatangulia wewe, na kitanda chako nitakiuza nikanywee." Tulikuwa hivyo. Nikienda kwake nikikaribia kiti anapiga kelele, "Toka hapo! Viti vya watu hivyo, wewe kaa vumbini!" Nakaa vumbini, tunaongea mpaka jua linageuka.

Huku kwetu Waislamu ndio wengi, na Krismasi ya kula Wakristo peke yao ni aibu. Kwa hiyo mbuzi wa sikukuu anachinjwa na Mwislamu, ili majirani wote wale bila wasiwasi. Kwangu mchinjaji alikuwa Mtani, toka tukiwa vijana wenye meno. Nikitoka misa asubuhi namkuta kibarazani kwangu, kanzu nyeupe, kisu kakiviringisha kwenye kitambaa.

"Umechelewa, we mlevi! Padri alikuwa anakutoa mapepo?"

"Nyamaza, kisu chako butu kama mwenyewe."

Sikuwahi kumwalika hata siku moja. Nani anamwalika mtani? Anakuja tu.

Mwaka ule wa mti wa plastiki mkono wake ulitetemeka. Uzee huo. Mbuzi akamponyoka kabla kisu hakijamgusa, akakimbia uani na kamba yake, watoto wa mjini wakacheka, mmoja akachukua video. Mkwe wangu akasema, wala si kwa ubaya, "Baba, mwakani tununue tu wale kuku wa mjini. Wameshachinjwa, wapo kwenye mifuko."

Mtani alikuwa ananawa mikono pale pembeni. Alisikia. Nikaona kwamba amesikia. Na mimi nikacheka pamoja nao!

Mwaka uliofuata nikatimiza yangu. Mke wangu nikamwambia, nenda Nachingwea kwa mwanao, mkaushangilie mti wenu. Nyumba nikapiga kufuli. Simu nikaizima. Mungu nikamwambia tutaonana Jumapili. Nikabeba jembe na mihogo, huyoo Mandawa, kwenye shamba langu la huko, ambako kuna kibanda kinachovuja na hakuna spika.

Mtani sikumwambia.

Mtaniuliza, ulimsahau? Ningependa kusema nilimsahau, lakini nimekuja hapa kuungama, sikuja kujipamba. Nilimkumbuka nikiwa nashika kufuli. Nikasema, ah, ataona mlango umefungwa, atarudi kwake. Kumpitia nilikuwa sitaki, maana angenicheka, angenipiga maneno, na labda ningebaki. Mimi nilikuwa natamani ile raha ya kutoweka.

Basi nikatoweka. Siku ya Krismasi nimekaa kibandani peke yangu, mvua inanyesha, nachoma mihogo, najisifu. Nilijiona mjanja wa mkoa mzima! Nikiwaza watu wanavyoloa jasho ndani ya sare zao nacheka kwa sauti. Jitu zima linacheka na mikorosho.

Niliporudi, mama jirani alinifuata hata kufuli sijalifungua.

"Baba, ulikuwa wapi wewe?"

"Shamba."

"Shamba! Na mzee wa watu siku ya sikukuu umemweka hapa kibarazani toka asubuhi mpaka adhuhuri?"

Akanisimulia. Mtani alikuja na kanzu yake na kisu chake, akakuta kufuli, akadhani nimechelewa kanisani. Akakaa. Watu wanapita na nguo zao mpya wanamuuliza, mzee, unamsubiri nani? Anawajibu, "Namsubiri huyu mlevi, kasinzia kanisani." Wanacheka, wanapita. Wakaja wengine, wakauliza vilevile. Akasema, "Napumzika tu." Wakaja wengine tena, hakujibu. Mama jirani akamwambia, njoo ule kwangu, baba. Akakataa. Ilipoadhiniwa adhuhuri akasimama, akakitazama kile kitambaa chenye kisu, akasema polepole, "Kumbe wamenunua wale wa mifuko." Akaenda zake.

Nilikwenda kwake saa hiyohiyo na matope yangu miguuni. Nikaanza kelele toka njiani, kama kawaida. "We mchawi! Toka nje, mwenye mji kaja!"

Akatoka. Akasema, "Karibu, mzee mwenzangu. Habari za shamba?"

Akaingia ndani akatoka na kiti. Akakipangusa kwa mkono, akaniwekea kivulini.

Jamani! Ninyi mtasema, mtu kapewa kiti, ubaya uko wapi? Bora angenitemea mate! Nikamtania kichwa chake, nikamtania kanzu yake, nikamtania mpaka marehemu babu yake. Anatabasamu kwa adabu, kama yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Ikabidi nieleze. Nikaeleza mti, pamba, sare, kofia, chipsi, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya vizuri," akasema. "Hivyo vitu vya dukani vinachosha." Akanyoosha kanzu yake. "Lakini mimi, mzee mwenzangu, ulininunua duka gani?"



Nikamuuliza kisu kiko wapi. Akasema, "Kisu? Bibi anakatia mchicha."

Idi ilipofika pilau lake lilikuja, limefunikwa vizuri, kaleta mtu mwingine. Zamani alikuwa analeta mwenyewe, na njia nzima anatangaza, "Nampelekea kafiri wangu asije akafa njaa!" Kijiji kizima kinajua Idi imefika. Safari hii sahani imekuja kimyakimya kama kwa mgonjwa. Lile pilau nililila.

Na kuna jambo jingine la kunichekesha, nicheke mwenyewe. Krismasi hii iliyopita sikukimbia. Nikampigia simu mkwe wangu, nikamwambia, mama, mti ubaki huko kwenu, kitenge changu kisishonwe, na anayetaka chipsi aje ameshakula. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Asante baba, hata mimi nilikuwa nachoka, nilidhani ninyi wazee ndio mnapenda." Basi! Yameisha! Kumbe ilikuwa ni kufungua mdomo tu, na mimi nilifunga nyumba!

Asubuhi ya sikukuu nikamvuta mbuzi kwa kamba mpaka kwa Mtani. Akamshika mgongo, akasema mbuzi mzuri. Akasema, "Kuna kijana pale msikitini, mkono wake imara. Nikuitie?"

"Simtaki kijana. Nakutaka wewe, mchawi."

"Mkono wangu umechoka, mzee mwenzangu."

Nikarudi na mbuzi wangu. Krismasi tulikula maharage, wajukuu wamenuna, mke wangu ananitazama. Mbuzi huyo yupo mpaka leo, ananenepa, anakula mboga za watu, na mimi ndiye ninayemwombea msamaha. Sitamchinja mpaka mkono ule umchinje. Utetemeke tu!

Ninyi mnaotaka kuikimbia Krismasi ya madukani, ikimbieni, nawaunga mkono! Mti uchomeni, ingawa plastiki inanuka. Kofia wavisheni mbuzi. Lakini kabla hujageuza ufunguo, fikiria ni nani anayekuja kukaa kibarazani kwako bila kualikwa. Huyo mpitie. Mwambie unakimbia, mwache akucheke, na akitaka mkimbie wote.

Mimi nimezeeka. Nikifa najua atakuja, hana roho mbaya. Atatoa pole, atakaa mkekani na wengine, atakwenda kwake. Shimo langu litakuwa limenyooka, tupu, wanangu hawatadaiwa mbuzi na mtu yeyote, na watu watasema mzee kazikwa kwa heshima sana.

Kila asubuhi napita kwake. Naita toka njiani, "We mchawi, hujafa tu?"

Naye ananijibu, "Alhamdulillahi, mzee mwenzangu. Karibu kiti."